Unyayo Hautaji Jina

Leo tunazungumzia nyayo, na nawapeleka moja kwa moja Rau, kule chini ya mji wa Moshi ambako maji ya mto yanagawanywa kwenye majaruba ya mpunga. Nimepachagua makusudi. Tope la jaruba lililokwisha kupungua maji kidogo linapokea alama ya mguu mpaka mipasuko ya kisigino.

Tuseme usiku kumeibwa pampu ya maji. Mwenye shamba anafika alfajiri, anakuta mpira umekatwa, na juu ya tuta kuna nyayo za mtu aliyetembea peku kuelekea barabarani. Majirani wanajaa. Mmoja anainama, anapima kwa shubiri, anasema, "Huyu jamaa ni mrefu sana." Wa pili anadakia, "Na mrefu wa hapa ni nani tena kama si kijana wa fulani?" Ikifika saa nne kijana wa fulani amekwisha kuitwa, na ana bahati kama aliyemwita ni mwenyekiti wa mtaa na si wenye fimbo.

Sasa, kauli ya yule jirani wa kwanza ina sayansi ndani yake. Ya wa pili haina hata chembe. Tatizo ni kwamba zilitamkwa kwa pumzi moja, na waliokuwapo wakazisikia kama kauli moja. Msicheke wanakijiji. Kosa hilo hilo limefanywa mahakamani, chini ya kiapo, na msomi mwenye shahada za juu ambaye aliwahi kupiga magoti juu ya nyayo maarufu kuliko zote duniani, na nyayo zenyewe ziko kwetu. Nitamfikia.

Kwanza hiyo yenye sayansi. Mguu wa mtu mzima, tangu nyuma ya kisigino hadi ncha ya kidole kirefu kuliko vyote, ni takriban asilimia 15 ya kimo chake. Mfaransa Paul Topinard aliiweka hesabu hiyo vitabuni katika karne ya 19, na mpaka leo ndipo watu wengi wanapoanzia. Nimesema kidole kirefu kuliko vyote, sikusema kidole gumba, kwa kuwa kwa baadhi ya watu kidole cha pili kinakizidi gumba, na anayepima bila kuangalia hilo amekosea kabla hajaanza.

Basi chukua futi kamba, pima unyayo wa Rau. Umepata sentimita 26. Gawanya kwa 0.15, unapata sentimita 173. Huyo si mtu mrefu sana, ni mwanamume wa kawaida tu. Jirani aliyepima kwa shubiri ameshaongeza chumvi.

Lakini hiyo 15 ni wastani, na wastani hauvai viatu wala haukanyagi tope. Watu halisi wanatofautiana. Mwenye mguu mkubwa kwa kimo chake anaweza kuwa kwenye asilimia 15 na nusu, mwenye mguu mdogo kwenye 14 na nusu. Rudia hesabu kwa unyayo ule ule wa sentimita 26: wa kwanza anakuwa na sentimita 168, wa pili 179. Tumeshapata tofauti ya sentimita 11, na hapo hatujakosea kupima. Ukikosea kupima kwa sentimita moja tu, kimo kinapanda au kushuka karibu sentimita saba. Kisha muulize yeyote aliyewahi kupima unyayo kwenye tope kama kingo zake zinaonekana kwa usahihi wa sentimita moja.

Hapa nataka tukae kidogo, maana tope ndilo lenye mambo. Unyayo si mguu. Mtu akisimama sakafuni kwa utulivu, alama anayoiacha huwa fupi kidogo kuliko mguu wenyewe, kwa sababu kisigino ni cha mviringo na sehemu yake ya nyuma haigusi chini, na ncha za vidole nazo zimejiinua. Huyo amesimama. Akitembea kwenye utelezi, kisigino kinatua kwanza na kuserereka mbele, kinachora mstari, alama inarefuka. Akihofia kuanguka, vidole vinajikunja kushika tope, alama inafupika. Akikimbia, mara nyingi kisigino hakigusi kabisa, unabaki na nusu ya mbele ya mguu. Akibeba mzigo, na pampu ya maji si nyepesi, upinde wa mguu unashuka, unyayo unapanuka na kurefuka kidogo. Wale wanaosema kwamba alama ikizama sana basi mtu ni mnene, wamesahau kuuliza tope lilikuwa na maji kiasi gani saa hiyo. Mtu mmoja akitembea juu ya tuta moja anaweza kuacha nyayo kumi zisizolingana urefu. Ndiyo maana mpimaji makini hapimi unyayo mmoja akaondoka. Anapima zote zinazosomeka, za kushoto na za kulia kila moja kwa upande wake, kwa sababu hata miguu yako wewe unayenisikiliza hailingani.

Halafu kuna vijana. Mguu unamaliza kukua kabla ya kimo. Kijana wa miaka 13 au 14 anaweza kuwa na mguu wa mtu mzima huku mwili ukiwa bado njiani. Ukitumia hesabu ya watu wazima kwenye unyayo wake, utamtafuta mwanamume wa futi tano na inchi nane, na mwizi wako amekaa darasani.

Na viatu? Mguu ndani ya kiatu una nafasi ya sentimita moja au zaidi mbele yake, na soli nayo inazidi pembeni. Hiyo ni kwa mtu aliyenunua kiatu cha saizi yake. Sisi wa Moshi tunalijua soko la mitumba la Memorial. Pale mtu anachagua kiatu kwa bei na uimara, saizi inafuata baadaye, na ikizidi anaweka pamba au soksi mbili. Gambuti za shambani ndiyo usiseme: anazivaa baba, mama na kibarua, kwa zamu. Kandambili ikiliwa kisigino inaacha alama fupi kuliko mguu unaoivaa. Soli inaweza kusema mengi juu ya kiatu, aina yake, ilivyolika, ilipochanika, na hayo yana thamani kubwa mikononi mwa mpelelezi akikipata kiatu chenyewe. Juu ya kimo cha aliyevaa, inasema kwa kusitasita. Wanafunzi wa Shule ya Polisi hapa hapa Moshi wakipita gwaride kwenye tope wataacha mamia ya alama za buti la aina moja, na ndani ya mabuti hayo kuna warefu na wafupi.

Kuna jambo jingine ambalo wenzetu wa sayansi jinai wanalijua na wananchi wengi hawalijui: uwiano wa mguu na kimo haufanani kwa jamii zote. Ndiyo maana India, ambako utafiti wa aina hii umefanywa kwa wingi, wanapima jamii kwa jamii. Kewal Krishan wa Chuo Kikuu cha Panjab alichukua nyayo za wanaume zaidi ya 1,000 wa jamii ya Wagujjar, kaskazini mwa nchi hiyo, akatengeneza hesabu yao wenyewe, na hesabu ya wanaume peke yao. Fomula ya Wagujjar ukiileta Rau, unamvisha mtu kanzu iliyoshonwa kwa vipimo vya mwingine.

Karibu na sisi kazi kama hiyo imefanyika pia. Kaskazini mwa Kenya, huko Ileret, kando ya Ziwa Turkana, kuna nyayo za binadamu wa kale zenye umri wa miaka milioni moja na nusu, zilizotangazwa mwaka 2009. Watafiti walipotaka kujua kimo cha wenye nyayo hizo hawakukimbilia hesabu ya Wazungu wavaa viatu. Waliwaomba Wadaasanach, wenyeji wa eneo hilo waliozoea kwenda peku, watembee na kukimbia juu ya udongo kama ule wa kale, wakapima miguu, vimo na mwendo wao. Matokeo yakachapishwa mwaka 2013. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo njia ya heshima ya kufanya jambo hili. Kwanza unapima watu ambao kimo chao unakijua, kwenye udongo unaoujua, ndipo unausogelea unyayo wa mtu usiyemjua.

Sasa tuvuke kwenda Ngorongoro, Laetoli. Miaka milioni 3.66 iliyopita volkano ilimwaga majivu, mvua ikayalowanisha, viumbe wakapita juu yake, na majivu yakaganda kama saruji. Timu ya Mary Leakey iliziona nyayo za wanyama mwaka 1976. Mwaka 1978 mmoja wa timu, Paul Abell, akaona alama iliyofanana na kisigino cha mtu. Mtaalamu wa nyayo aliyekuwa kambini akaitazama akasema si mtu, ni mnyama wa jamii ya ng'ombe. Kazi ya kuchimba pale ikaachiwa Ndibo Mbuika, mfanyakazi wa kambi. Mbuika akachimba, akarudi na habari kwamba amekuta nyayo mbili. Mtaalamu alikuwa amekosea, na chini ya majivu yale ikatoka njia ya nyayo yenye urefu wa mita zipatazo 27, ya watembea kwa miguu miwili wa kale kuliko wote tuliokuwa tunawajua.

Mtaalamu huyo aliitwa Louise Robbins, kutoka Chuo Kikuu cha North Carolina kule Greensboro. Msilisahau jina hilo, nalirudia baada ya dakika mbili.

Kwanza nimalizie kimo. Miaka mingi baadaye kulipangwa kujengwa makumbusho pale Laetoli, na ikabidi eneo lichimbwe mashimo ya majaribio kuhakikisha jengo halitakaa juu ya kitu cha thamani. Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam wakakutana na nyayo nyingine, mita kama 150 kutoka zile za mwanzo. Walizitangaza pamoja na wenzao wa Italia mwezi Desemba 2016. Mmoja wa watembea hao, aliyepewa jina la S1, alikuwa na unyayo wa wastani wa sentimita 26.

Sentimita 26. Sawasawa na mwizi wetu wa pampu. Kwa hesabu ya Topinard, S1 angekuwa na sentimita 173. Wale watafiti wakasema 165. Nane zimepungukia wapi? Wamekataa kutumia uwiano wa binadamu wa leo. Walitumia uwiano uliokadiriwa kutokana na mifupa ya viumbe wanaodhaniwa kuacha nyayo zile, Australopithecus afarensis, ambao mguu wao ulikuwa mrefu zaidi ukilinganisha na mwili. Rula ile ile, tarakimu ile ile, lakini ukibadili mtu unayedhani alipita, kimo kinabadilika. Hata hiyo 165 iliwashtua wengi, kwa kuwa yule mdogo kuliko wote kati ya waliopatikana mwaka 1978 alikuwa na unyayo wa sentimita 18 hivi, na kimo chake kinakadiriwa kuzidi kidogo mita moja na sentimita kumi. Watafiti wakasema pengine S1 alikuwa dume kubwa kati ya majike na watoto. Wengine wakajibu kwamba nyayo za watu wachache haziwezi kubeba hoja nzito kiasi hicho. Wanabishana mpaka leo, na mabishano yao hayamfungi mtu jela.

Kwa Robbins yalifunga. Huyu mama alijijengea jina katika mahakama za Marekani. Aliandika kitabu juu ya nyayo mwaka 1985, na mwaka 1986 akachapisha makala kuhusu kukadiria kimo na uzito kutokana na ukubwa wa unyayo, somo lile lile tunalolizungumza leo, na ndani ya mipaka yake ni somo halali kabisa. Lakini akavuka mpaka. Alidai kwamba kila mguu wa binadamu una umbo lake la pekee, kiasi kwamba akiona alama ya kiatu kimoja anaweza kusema ni nani aliyekivaa, kwa kuilinganisha na viatu vingine kabisa vya mshukiwa. Waendesha mashtaka wakampenda. Alitoa ushahidi katika kesi zaidi ya kumi, katika majimbo mbalimbali.

Kesi moja ilikuwa Illinois. Mtoto wa kike wa miaka kumi alitekwa nyumbani kwao mwaka 1983 na kuuawa. Mlango wa nyumba ulikuwa umevunjwa kwa teke, na kwenye mlango kukabaki alama ya kiatu. Robbins akaapa kwamba kiatu kile ni cha kijana mmoja kati ya watatu walioshtakiwa. Mwaka 1985 baraza la wazee wa mahakama likashindwa kukubaliana juu ya kijana huyo, akabaki mahabusu mpaka mashtaka yake yalipofutwa mwaka 1987. Wenzake wawili walihukumiwa kifo, baadaye wakaonekana hawana hatia. Mtu mwingine kabisa alikiri mahakamani, mwaka 2009.

Mwaka 1987 ndipo wataalamu zaidi ya 100, wa anthropolojia, wa sayansi jinai na wa sheria, chini ya chama cha sayansi jinai cha Marekani, walipoichunguza njia ya Robbins na kusema haina msingi wa kisayansi. Mwaka huo huo akafariki. Ninalotaka mlione ni kwamba alikuwa na ujuzi wa kweli. Alijua kupima, na alijua hesabu. Ila aliuliza unyayo swali usiloweza kulijibu, kisha akajibu yeye kwa niaba yake, na mahakama zikamwamini kwa kuwa alikuwa daktari wa falsafa na alikuwa amefika Laetoli.

Tofauti na hilo, tazama Engare Sero, chini ya Ol Doinyo Lengai karibu na Ziwa Natron. Mmasai wa kijijini ndiye aliyeziona nyayo pale kabla ya wasomi. Ziko zaidi ya 400, za watu kama sisi, za maelfu ya miaka iliyopita. Mwaka 2020 watafiti waliandika kwamba watu 17 walikuwa wakitembea pamoja kuelekea upande mmoja, na kwa kulinganisha ukubwa wa miguu, 14 kati yao yaelekea walikuwa wanawake. Yaelekea. Neno hilo dogo halikuwahi kupatikana kwa urahisi kinywani mwa Robbins.

Turudi kwa yule kijana wa fulani. Sheria yetu ya Ushahidi ya mwaka 1967 inaruhusu mahakama kupokea maoni ya mwenye ujuzi maalumu kuhusu sayansi, mwandiko, alama za vidole na alama nyinginezo. Ni maoni, na hakimu hafungwi nayo. Unyayo wa peku kwenye sakafu ya vigae, ambako michirizi ya ngozi imebaki wazi, unaweza kumtambulisha mtu kama alama ya kidole inavyomtambulisha, kwa sababu ngozi ya chini ya mguu nayo ina michirizi yake. Tope la Rau ni nadra kukupa michirizi. Linakupa urefu, na urefu unakupa, tukiwa wakarimu, mtu wa kati ya sentimita 165 na 182. Hesabu wanaume wa Rau walio humo ndani. Utajaza uwanja wa mpira. Faida yake iko upande mwingine: kama kijana wa fulani kweli ni mrefu wa sentimita 195, na nyayo zote zilizosomeka ni za 26, basi uwezekano wa kuwa yeye umeshuka sana, na aachiwe akanywe chai.

Kwa hiyo ukikuta nyayo shambani mwako baada ya wizi, kwanza zuia watu. Majirani kumi wenye huruma wanaharibu ushahidi kuliko mvua. Ule unyayo ulio safi zaidi ufunikie karai au ndoo, uweke fimbo kuonyesha pa kupita, kisha piga simu kituoni. Kama polisi wanachelewa na mawingu yameshashuka kutoka mlimani, piga picha: simu iwe juu kabisa ya unyayo, isiwe ya kuinama, rula ilazwe kando yake chini kabisa, sawa na kina cha alama, na mwenzako amulike tochi kutoka ubavuni ili kingo zitoe kivuli. Piga za kushoto na za kulia, zote zinazosomeka. Jasi ya kutolea umbo la alama waachie wapelelezi, wao wanajua kuikoroga na kuimimina pembeni ili isibomoe alama. Na andika saa. Udongo wa mfinyanzi ukikauka unasinyaa, na unyayo uliokuwa sentimita 26 alfajiri hautakuwa 26 jua likishauchoma mpaka adhuhuri.